Shimo Nyuma ya Soko

Walianza kuchimba choo, si historia.
Kaunti ilituahidi vyoo vinne na tangi la kunawia,
sisi tuliokuwa tukienda kuomba msikitini
tangu soko la Lamu lilipopigwa bati.
Jilo alipofika kimo cha kifua
sururu ikalia juu ya jiwe. "Ukuta!"
Kesho yake akaja Bi Ridhwana wa makumbusho
na kamba, na vigingi, na brashi ndogo kama ya wanja,
akasimamisha choo.

Wauza samaki walimtukana wiki nzima.
Mimi nikapewa chekeche, na mia nane kwa siku.

Juu kabisa tulitoa visoda, betri, jino la kitana.
Chini yake, sahani yenye ua la buluu.
Chini yake tena kaure ya kijani,
kijani cha ndimu iliyokauka nusu.
Hapo Mwenye Bunu wa duka la misumari
akaacha wateja, akaja kusimama ukingoni,
kanzu ameikunja isishike tope.
"Sahani ya babu yangu hiyo," akasema,
"aliyeshuka hapa na mizani ya shaba.
Kabla yake palikuwa pori na fisi."

Bi Ridhwana hakujibu. Alikuwa akipiga brashi.

Ukuta wa matumbawe ulifika mahali ukaisha,
kama kauli ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Tukashuka.
Udongo ukawa mweusi, laini, udongo wa jikoni.
Mashimo ya nguzo, saba, hayakunyooka.
Mavi ya chuma. Miiba ya changu, mingi.
Na bonge la udongo ulioungua
lenye alama ya fito na ya kamba iliyofunga fito:
kamba imeoza zamani,
fundo limebaki.

Nililishika lile fundo nikasahau kuchekecha.

Kisha vigae. Si vya kijani, si vya buluu.
Vyekundu, vya moshi, na shingoni pembetatu
zilizochorwa kwa kijiti, moja ikisukuma mwenzake,
zote zimelalia upande mmoja.

Mbeyu mwuza vyungu, anayevuka kutoka Mokowe,
alipita akitafuta chenji ya mia mbili.
Nikamwonyesha. Hakuuliza ni cha lini.
Akatia kidole gumba kwenye kibonyo cha mdomo,
kikakaa.
"Huyu mwanamke alikuwa wa mashoto, kama mimi.
Na siku hiyo alikuwa na haraka. Ona, hapa hakumaliza."
Akaenda zake. Mteja alikuwa anamngoja.

Mwenye Bunu akacheka, cheko la dukani.
"Chungu cha kupikia! Mji haujengwi kwa chungu."
Nami, nisiye na shajara wala mizani,
nikasikia mdomo wangu umeshasema:
"Bwana, siku ile babu yako aliposhuka,
shaba mkononi, njaa tumboni,
alimpimia nani?
Changu wa kwanza aliuziwa na nani?"

Hakukasirika. Alitazama shimoni muda mrefu,
kama anayekagua risiti asiyokumbuka kuitia sahihi.
Kesho yake alituletea chupa ya kahawa ya tangawizi.
Habari za babu hakuzitaja tena,
wala za vyungu.

Shimo lilifukiwa kwa mchanga safi.
Vigae vimo masandukuni, kila kimoja na namba yake;
fundo nililiomba, nikakataliwa, na ni haki.
Choo kimejengwa upande wa pili, shilingi kumi kuingia,
nami ndiye ninayekata tikiti.
Kibanda changu kiko juu ya zile nguzo saba.
Alfajiri, kabla sijafungua kidirisha,
nawasikia wamekwisha kuanza, Mbeyu na mtu nisiyemjua:

"Punguza."
"Nipunguze mpaka wapi?"