Spoki Thelathini na Sita

Karakana ya Thoya, Maweni, saa mbili asubuhi.
Pikipiki yangu imepandishwa juu ya gogo, haina mguu wa mbele,
na rimu yake imelala mchangani,
duara lililojisahau likawa yai.

Jiwe moja tu, kabla ya kufika Baricho.
Nilikuwa na dozi mia nne za chanjo ya kuku
kwenye sanduku la barafu. Nikamalizia safari
nikiyumba kama mtu anayetafuta choo gizani.

Ukutani zinaning'inia pea mbili.
Moja ya spoki: thelathini na sita kila gurudumu, nimezihesabu.
Nyingine ya kusubu, mikono mitano minene,
nyeusi, imetoka kalibuni nzima nzima
kama mtu asiyewahi kuomba radhi.

"Chukua hizi," asema Thoya, akizipapasa za kusubu.
"Hazina tyubu. Mwiba ukiingia
unachomeka kizibo pale pale, unajaza upepo, unaondoka.
Hazilegei. Huna haja ya kuzijulia hali."
Bei aliitaja akiangalia pembeni.

Nami mwiba namjua.
Migunga ya njia ya Marafa imenikalisha chini
sijui mara ngapi, gurudumu mapajani,
kijiko cha chai ndicho nyenzo ya kung'olea tairi,
watoto wakinihesabia viraka kwa sauti,
barafu ikiyeyuka.

Lakini Mwaro wa Ganda alinunua za kusubu mwaka juzi.
Korongo moja la mvua,
ufa mwembamba kama unywele.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa;
huu haukuzibika, wala ukuta wa kujenga haukuwapo.
Pikipiki ilirudi mjini juu ya mkokoteni wa punda,
Mwaro nyuma yake kwa miguu,
hasemi na mtu.

Ya spoki ikipinda, hupinda kwa adabu.
Hata yule fundi wa baiskeli pale Kakuyuni,
mwenye spana moja na jicho moja,
ataivuta huku, ataiachia kule,
mpaka ikusamehe.
Ila ina deni lisiloisha:
uigonge kila wiki, uisikilize,
na chumvi ya bahari itaila usiku
hata ukilala nayo chumba kimoja.

Thoya amekwisha kunywa kahawa, amepokea simu tatu,
amemuuzia mtu plagi.
"Dada Jumwa, hawa si wachumba."

Nikamwambia: mbele ya spoki, nyuma ya kusubu.
La mbele ndilo linalopiga hodi kwa mawe.
La nyuma linabeba mzigo na kuokota miiba.

Alicheka mpaka spana ikamponyoka.
"Mguu mmoja kiatu, mmoja ndala!
Na hizi mbili zitakazobaki nimuuzie nani?"
Atakuja mtu, nikasema,
mwenye njia ya kinyume na yangu.
Na kuku hawaangalii miguu ya mchanjaji.

Alizifunga huku akitikisa kichwa,
akachukua la nyuma langu kuukuu liwe sehemu ya malipo,
akapunguza mia mbili. Nadhani ni za kile kicheko.

Kesho yake, lami ilipoishia, nikasimama.
Nikachuchumaa na spana, nikazipiga moja moja:
ting, ting, ting,
mpaka ya kumi na saba.
Dup.
Nikaikaza nusu mzunguko. Nikaipiga tena.
Ting, lakini kwa shingo upande.

La nyuma nililitazama tu.
Halikusema kitu.
Nikapanda.