Alama za Mkaa

Nilimfundisha Butoyi mara mbili.

Mara ya kwanza, darasa la tatu:
watoto tisini na moja, madawati ishirini na mawili
(mgawanyo huo hakuna aliyetutuma kuufanya).
Tulihesabu kwa vifuniko vya soda,
saba mara nane tukaikariri hadi kuta zikaijua,
na siku ya sehemu nikaja na mche wa sabuni na kisu:
nusu, robo, thumni.
Bukuru, pacha wake, akauliza vipande vitarudije kuwa mche.
Kwa kujumlisha, nikasema.
"Sabuni haijumlishiki, mwalimu,"
na mchana akaondoka na thumni moja mfukoni.
Darasa la tano hakulimaliza.
Yuko Kibirizi, anaanika dagaa na mama yao,
anakokotoa faida ya magunia kumi na manne
kabla mnunuzi hajaitoa simu yake,
kisha anakuapia kuwa hesabu hajui.

Mara ya pili, kidato cha tano.
Nimeshasoma, nimepanda daraja, nimenunua miwani.
Lugha ya darasani imebadilika, sehemu zina jina la kigeni,
Butoyi amenipita kimo.
Naandika ubaoni kama nilivyoandikiwa:
shusha kipeo mbele, punguza moja, songa.
"Kwa nini kishuke?"
Andikeni, nikasema.
Nakiri hapa, kwa kuwa wino haucheki:
miaka kumi na sita nilishusha vipeo,
nikapata alama, nikapata cheti, nikapata mke,
bila kujua vinashuka kwenda wapi.

Mwaka ule ziwa likapanda.
Lilianza na mawe ya kuanikia, likala choo cha soko,
likaja kuegemea kibanda cha Mama Bukuru.
Kila Ijumaa Butoyi alichora ukutani kwa mkaa
pale maji yalipofika.
Akaniletea daftari:
sentimita sita, kisha tano, kisha tatu na nusu.
"Kwa wiki, najua.
Nataka kujua yanapanda kwa kasi gani sasa.
Sasa hivi, mama akiwa amesimama mlangoni."
Sasa hivi haina urefu, nikamwambia,
utajikuta unagawanya kwa sifuri.
"Basi tusifike. Tukaribie."

Tukapima kwa siku, tukapima asubuhi na jioni.
Bukuru akashika rula, akatukemea:
mawimbi waongo, leteni chupa iliyotobolewa kitako,
izamisheni, msome maji yaliyotulia ndani.
Muda tukaukata kama sabuni,
nusu, robo, thumni, thumni ya thumni.
Rula iliposhindwa kuona, tukaendelea kwa kalamu,
vipande vikizidi kuwa vyembamba,
na jibu, badala ya kupotea,
likawa linatulia mahali pamoja.

Nikakaa juu ya jiwe lenye magamba.
Miaka kumi na sita.
"Mwalimu, unaumwa?" Bukuru akauliza.

Mama yao hakuja kutafuta kikomo.
Alitaka kujua ahame au asihame.
Butoyi akamweleza kwa Kiha, taratibu,
nami nikafuata kwa kuangalia mikono:
maji bado yanapanda, mama,
ila kule kupanda kwenyewe kunapungua.

Nilikuwa nimetayarisha mchoro. Sikuutoa.
Mama Bukuru aliutazama mkaa ukutani,
mistari ikisogeleana kadiri inavyokwenda juu,
akanigeukia kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni:
"Kama deni langu dukani.
Siku hizi nakopa kidogo kuliko zamani.
Lakini bado linakua."

Akajitwika gunia la kwanza.
Bukuru akaanza kuhesabu.