Chumvi ya Kibiro

Bibi Kabajwara hakuuza chumvi kwa mizani.
Aliifinyanga mabonge, akayafunga kwa majani ya mgomba,
akapanda nayo genge la Kibiro
kabla mawe hayajashika moto.

Mimi nilibaki chini, nikikwangua udongo
kwa kipande cha chuma kilicholika kama mwezi wa siku nne,
nikiuanika, nikiuchuja katika chungu chenye tundu.
Tone. Tone. Nikalala.

“Abwooli, chungu kimejaa!”

Leo nimenunua pakiti dukani Hoima:
nyeupe, laini, haina jiwe.
Nimeitia kwenye maharagwe, nikaonja.
Nikaongeza.
Nikaonja tena.

Kipande cha chuma ninacho bado.
Shamba la chumvi, hatua kumi kwa tano,
aliniachia mimi, si kaka zangu.
Sijashuka.