Rimu

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori
iliyong'oka njia ya Manyoni mwaka wa njaa ile;
marehemu mume wangu akaibeba kichwani
akaitundika kwenye mkungugu kwa waya wa uzio.
Mimi ndiye niliyepewa nyundo.

Jumapili, jua likiwa bado jekundu juu ya tembe,
nagonga mara kumi na mbili,
napumzika, nagonga tena.
Wa kwanza kufika ni Mzee Sehewa, asiyesikia kitu
tangu surua ya utotoni.
Nilimwuliza kwa ishara: unajuaje?
Akaelekeza fimbo juu ya mti:
"Naona njiwa wakiruka."

Mvua ilipokataa mwaka wa pili
shemeji yangu Mahinyila alisimama kikaoni:
chuma cha Foibe kinafukuza mawingu.
Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata waliobatizwa.
Hata Yudithi, niliyemshikia taa akijifungua.
Nikaulizwa, utanyamaza au hunyamazi?
Nikasema, mimi mambo ya mawingu siyajui,
ninachojua ni Jumapili.

Wiki hiyo ng'ombe waliingia kwenye uwele wangu usiku,
na ng'ombe hawajifungulii zizi.
Mwinjilisti akahamia Kongwa. Kifua, alisema.
Sikumlaumu, ana watoto wadogo.
Nikabaki na ufunguo, ufagio,
na Biblia ya Cigogo ambayo mchwa
walianza na Mwanzo wakaishia katikati ya Kutoka,
hivyo kwetu dunia huanza
watu wakiwa tayari jangwani.

Halafu rimu ikaibwa.
Asubuhi nilikuta waya tu, unachezacheza na upepo.
Nikachukua jembe lililolika, nikalitundika.
Jembe lina sauti ya kikohozi.
Njiwa hawakujali hata kidogo.
Saa nne Mzee Sehewa akanijia, amekasirika,
anauliza kwa ile sauti kubwa ya asiyejisikia:
"Foibe! Mungu amehama, au ni njiwa?"

Tulisali wawili. Nilisoma, akatazama midomo yangu.
Nje mbuzi wa Mahinyila walijikuna ukutani
na udongo ukamomonyoka, chembe kwa chembe, hadi Amina.

Nitasema ukweli: yako majuma niliyosali kwa hasira.
Bwana, nilisema, kama nyumba hii ni yako, ilinde mwenyewe,
mimi mgongo unaniuma.
Hakujibu. Nikafagia mavi ya mbuzi.
Siku nyingine kufagia ndiyo sala pekee niliyokuwa nayo.

Mwezi wa nane nikaenda Dodoma kuuza karanga.
Majengo, nyuma ya soko, penye mizani ya chuma chakavu,
niliiona, imelala chini ya mlango wa gari.
Nilijua kovu la nyundo yangu,
doa linalong'aa kama kisigino cha mtu anayetembea sana.
Kilo kumi na tisa, alisema kijana, akataja bei.
Karanga zangu zote hazikufika nusu.
Nikaomba kitu kimoja tu. Nikaokota kipande cha nondo.
Nikagonga mara moja.

Ee, njiwa wote wa mabati ya Majengo waliinuka!
Anga likajaa mabawa.
Kijana akacheka: mama, wewe una wazimu.
Nami nikacheka, koo limenikauka,
nikamrudishia nondo yake.

Sikurudi nayo. Nilirudi na chumvi na mafuta ya taa.

Sasa Jumapili naamka mapema zaidi.
Nagonga jembe langu lenye kikohozi, kwa wenye masikio,
kisha navuka korongo kwa miguu hadi kwa Sehewa,
namgusa bega.
Njiani napita kwa Mahinyila. Huniona, hufunga mlango.
Juzi aliufunga polepole.
Sijui maana yake, na mvua bado.
Mbukwenyi, nauambia mlango, kama kawaida,
tunapita, mzee na fimbo yake, mimi na ufunguo,
vumbi likitutangulia kanisani.