Daftari la Kaunta

Kazi ya mikono yangu naujua mwisho wake.
Gauni la mama Lyatuu: pindo, vifungo, pasi, basi.
Nikikata uzi kwa meno, limekwisha.
Lakini kazi yenye mdomo wa mtu mwingine ndani yake
hulala kwangu, huamka kwangu,
hunywa chai yangu.

Ndiyo maana ukoo uliponikabidhi shughuli
ya kujengea kaburi la mama, Desemba, kule Mbokomu,
nilinunua daftari la kaunta, lile nene, nyuma ya stendi ya Moshi,
nikalipiga mistari kwa rula ya kushonea.

Safu ya kwanza: WA KUPIGIWA.
Fundi Tarimo wa vigae.
Mchungaji, si kabla ya saa nne, asubuhi ana wagonjwa.
Mwenye maturubai wa Kiboriloni; huyu mpigie kwa namba ngeni,
namba akiijua, mtandao wake huugua ghafla.

Ya pili: WA KUANDIKIWA.
Hawa kwa sauti husema ndiyo kwa kila kitu,
na ndiyo ya sauti hainunui saruji.
Waandikie kiasi, tarehe, namba ya kutumia.
Wakijibu kwa kidole gumba, waandikie tena.

Ya tatu: WA KUENDEWA.
Shangazi Ndeanansia simu anazo mbili,
ila neno la kaburi halipiti sikioni, linapita mlangoni,
na kilo mbili za sukari,
na saa nzima ya habari za goti lake.
Jibu lenyewe hulitoa unapoaga,
mkono wako ukiwa tayari kwenye komeo.

Safu ya nne sikuipanga. Ilijiotea pambizoni:
NASUBIRI.
Zamani niliweka tiki mara tu nilipokata simu.
Mchanga ndio ulionifunza. Nilimwambia dereva, "Jumanne,"
naye akasikia Jumanne yoyote.
Sasa tiki naiweka mchanga ukishamwagwa,
nikishaushika.

Na kuna mstari mmoja:
*Ongea na Elingaya.*
Ukurasa wa tatu upo. Wa tano upo. Wa tisa.
Kila Jumapili jioni nikihamisha viporo
namhamisha na kaka yangu,
mwandiko ukizidi kuwa mdogo.
Alikuwa kwa wa kupigiwa: simu iliita mara moja, nikakata mimi.
Nikamshusha kwa wa kuandikiwa:
*Kaka, salaam.* Nikafuta.
*Elingaya, kuhusu kaburi la mama.* Nikafuta.
Hatua nne za kihamba tuligombea, hatua nne tu,
pale mpakani penye sale.

Novemba ilipofika katikati, wote walikuwa na tiki
hata wa maturubai.
Nikapanda Mbokomu, nikakata jani la sale
mpakani palepale, nikalifunga fundo
kama wanavyofanya wanaokwenda kuomba radhi,
nikalilaza ndani ya daftari lisivunjike.
Boma Ng'ombe nilitaka kushuka nirudi.
Tengeru nilitaka kushuka nirudi.

Sakina, Arusha, geti la bati la bluu.
Alifungua mwenyewe, kandambili mguuni, mvi ambazo sikuziaga.
Akaliona jani kabla ya uso wangu.
Maneno niliyoyapanga, moja mpaka sita, yakanipotea yote.
Akalipokea kwa mikono miwili.
"Nilikuwa nasubiri," akasema.
"Simu yako iliita mara moja, nikajua ni wewe,
nikaiacha mezani wiki nzima, uso juu."

Kumbe nami nilikuwa nimeandikwa,
mwaka wa pili sasa, kwenye safu ya nne
ya mtu asiye na daftari.

Mkewe akaleta chai.
Hatukuugusa mpaka. Hatukumtaja mama.
Tulianza na vigae:
yeye anataka vyeupe,
mimi nimeshalipia vya kijivu.