Pimamaji

Saa moja na nusu, ukungu bado umeilalia Newala;
bendera ya shule haionekani, inasikika tu ikijipiga mlingotini.
Nafungua kidirisha cha stoo, nalamba kidole, nafunua daftari:
jina, chombo, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali.
Stambuli Chipota: tindo, na nyundo ya ratili mbili.
Dadi Namalecha: randa.
(Ni yuleyule aliyenirudishia randa haina jino
akaapa kwa mama yake ilikuwa kibogoyo tangu zamani.)
Asumini Nankonda, kidato cha tatu, ufundi bomba:
pimamaji.

Siku nilipokabidhiwa stoo hii
nililiona jina hilo kwenye orodha nikacheka peke yangu.
Huku kwetu juu maji tunayapima kwa shingo,
kwa foleni, kwa deni la dukani.
Mimi niliyapima miaka tisa kwa baiskeli,
madumu sita kutoka bondeni,
kushuka nimeketi, kupanda nasukuma kwa kifua,
hadi goti la kushoto likasema basi.
Leo nagawa upapi wa aluminiamu wenye jicho la kioo,
ndani yake maji kijiko kimoja, hayanyweki,
na kipovu kinachohangaika kama mdudu aliyefumwa sukarini.

Hii ni shule ya amali.
Mkuu wa shule akiwa mbele ya wazazi hulitamka neno hilo polepole,
kama mtu anayekuhesabia chenji.
Baba mmoja wa Kitangari aliwahi kusimama akauliza:
cheti tumesikia; je, kazi?
Mkuu alikunywa maji kwanza.

Ijumaa jioni pimamaji haikurudi.
Nilihesabu mara tatu, nikainama chini ya rafu,
nikamwaga sanduku zima la tupa.
Chombo kikipotea hukatwa mshahara wangu, si wa mtoto.
Jumapili usiku mvua ya kwanza ya Novemba ikatushukia,
nami kitandani, roho juu juu,
nikiiona pimamaji yangu imelala mtaroni, jicho limepasuka.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kidirishani.
Ameifunga kwenye kipande cha kanga,
pembe zake zina udongo mwekundu.
Nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakunisubiri.
"Ni gata ya nyumbani," alisema.
"Babu aliipigilia kwa macho. Inamwaga upande wa jirani.
Miaka yote tunamkingia Binti Mnali."
Kumbe Jumamosi alipanda ngazi ya mianzi,
shangazi ameishika chini, akichanganya dua na matusi.
"Darasani kipovu kikitoka katikati, Mwalimu anaweka mkasi.
Kule juu nikakiweka katikati. Nikamimina kopo nijaribu.
Maji yakasimama. Yakanitazama tu.
Ikabidi nikikoseshe kidogo, kuelekea tangini,
hivi."
Akanionyesha ukucha wa kidole cha mwisho,
umevunjika, una hina ya sikukuu iliyokwisha.

"Na jana usiku?"
"Ndoo kumi na tisa. Shangazi alihesabu mwenyewe.
Alikataa kulala."

Goti langu lilipiga hesabu kabla yangu:
safari tatu za bondeni, na dumu moja juu.

Nikachukua kalamu.
Safu ya hali inaruhusu maneno mawili,
kizima au kibovu, ndivyo nilivyofundishwa.
Nikaupangusa udongo kwa kidole gumba,
mwingine nikauacha palepale pembeni.
Nikaandika: kimetumika.
Mkaguzi akija mwezi wa pili ataniuliza hilo neno nimelitoa wapi,
nami sijui bado nitamjibu nini.

"Stoo! Randa!"
Dadi huyo, shati nje, mkate mdomoni.
Nikamgeuzia randa juu chini,
nikamwonyesha jino lake mara mbili,
ndipo nikampa kalamu atie saini.