Glavu ya Kulia

Vua glavu, Nyamvula.
Miwani bakiza. Ushungi upenyeze ndani ya koti,
ncha isining'inie. Bangili tia kwenye kopo la chai,
zitakungoja.
Na kabla hujawasha, niambie: ufunguo uko wapi?
Ukiusahau kinywani mwa keekee, utaruka.
Tazama juu, tundu lile kwenye bati
halikutobolewa na mvua.

Sasa bamba. Usilishike kwa mkono.
Libane kwenye jiriwa, kaza, kisha kaza tena
kama mtu asiyemwamini jirani.
Keekee ikikaribia kutokea upande wa pili
ndipo inapouma: bamba huzunguka nayo
kama pangaboi, na tumbo lako lipo palepale.

Haya yote Mwachiro aliyajua.

Ilikuwa Alhamisi, meli imefunga gati Mbaraki,
mabamba arubaini yatakiwa kabla ya magharibi,
joto la Shimanzi latiririka ndani ya ovaroli.
Chuma kikatoa misokoto mirefu, ya samawati, ya moto,
ikamchana kiganja. Akanyonya damu, akatema, akaendelea.
Nami, kwa huruma, nikavuka barabara,
nikanunua glavu za pamba, shilingi themanini,
nikamwambia: vaa.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu.
Mwachiro alisikia.
Mkuu nilikuwa mimi.

Keekee haikutaka kidole.
Ilitaka uzi mmoja tu, uliochomoza kwenye pindo.
Uzi ukaita glavu, glavu ikaita kidole,
nami nikaita jina lake
huku nikipapasa ukutani kutafuta swichi
iliyokuwa nyuma ya mitungi ya gesi
tuliyoipanga pale
kwa sababu palikuwa na nafasi.

Siku hizi anapima mafuta ya taa Mikindani.
Chenji hunirudishia kwa mkono wa kushoto, makusudi.
Sijawahi kuihesabu.

Glavu ya kulia ile pale msumarini, mpya bado.
Watu huniuliza kwa nini siitupi.
Huwaambia ni ya kulia, basi,
nao hudhani nasema upande.

Swichi sasa ni hii nyekundu, usawa wa goti lako.
Iguse.
Tena, ukiwa umefumba macho.
Tena.
Haya, washa.